Habari ya Madirisha, Naisimulia Mwenyewe

Najua mmeshaipata kwa yule bwana niliyekuwa naye kazini, na najua kaitia chumvi hadi imekuwa ng'onda. Eti nililia. Sikulia!

Tulikuwa shule moja huku Ngamiani, tukijaribu maswali ya dodoso kwa watoto wa darasa la nne. Mada: hofu ya kuonekana kilaza. PISA ya 2018, ule utafiti wa kimataifa wa elimu, iliwauliza vijana wa miaka 15 kama wakishindwa huwa wanahofia watu watawafikiriaje. Sisi tulitaka kujua kama aliye mdogo zaidi analielewa swali la namna hiyo, au anaitikia tu "ndiyo mwalimu". Na watoto hawa, ukichomekea shati tu, kila kitu ni ndiyo.

Sentensi ya kwanza: "Nikikosea darasani, naogopa wenzangu wataniona kilaza." Chini yake nyuso tano, kuanzia aliyenuna hadi anayecheka. Binti mmoja akachagua anayecheka. Kwa nini? "Huyu mzuri." Nikaandika. (Msicheke, ndiyo kazi yenyewe, swali bovu lifie pale pale.)

Tukaja kwenye kufikiri kwa sauti. Mtoto unampasha moto kwa swali jepesi, na hili ni la siku nyingi kwa watu wa kazi hii: nyumbani kwenu kuna madirisha mangapi? Ahesabu huku anasema kila kinachompitia kichwani. Wakanyamaza. Nikasema basi naanza mimi, mwone. Nikafumba macho.

"Naingia sebuleni. Moja... mbili. Hili la mbele ndilo nachungulia." Kimya, wananisikiliza. Nikanogewa. "Chumbani, moja, halifunguki. Chooni, kadirisha, nako nikahesabu? Haya, nahesabu. Jikoni, moja. Hili ndilo natokea mwenye nyumba akija na baiskeli yake kudai kodi, mdogo wangu anamwambia kaka kaenda Pangani."

Nyuma mtu akaguna. Na mimi, wapendwa, macho bado nimeyafumba, natabasamu kabisa, nikaongeza: "Mzee wa watu anaamini."

Nikafumbua.

Kwenye kiti cha nyuma, daftari la mahudhurio mapajani, amekaa mke wa mwenye nyumba wangu. Mimi yule mama namjua kwa kanga na ndoo ya maji kisimani, miwani na chaki nitazijulia wapi? Akavua miwani. Akaifuta taratibu kwa ncha ya mtandio. Akaivaa tena.

"Pole na safari, baba. Pangani hawajambo?"

Nikataka kusema shikamoo, ikatoka "marahaba". Darasa zima likaangua kicheko. Katikati ya kicheko mkono ukanyooka: "Mwalimu, jumla ngapi?"

"Sita."

"Matano, mwalimu." Kahesabu kwa vidole huyo. Na yule binti wa nyuso akanisogezea karatasi, kidole juu ya aliyenuna: "Wewe huyu."

Hapo ndipo macho yalipopata vumbi. Vumbi!

Basi. Kodi nimelipa jioni ile ile, kwa mkopo wa huyo huyo anayewasimulia. Nyuso tumezitoa kwenye dodoso, swali la madirisha sasa analiuliza yeye. Jumamosi mwenye nyumba kaja na fundi, hata hakubisha hodi mlangoni, kazunguka moja kwa moja nyuma, kalitia nondo dirisha la jikoni.