Tuonyesheni BQ

Bango la mradi limesimama kando ya barabara. Juu pana nembo ya kaunti, katikati sura ya gavana, chini jina la barabara. Nambari ya zabuni haipo. Kiasi cha kandarasi hakipo, wala tarehe ya kukamilisha kazi. Na bango lenyewe limelipiwa na umma: kwenye BQ ya barabara, yaani orodha ya kazi na vifaa vya mradi pamoja na kiasi na bei ya kila kimoja, mabango ni kipengele chenye bei yake, kule mwanzoni penye gharama za jumla, karibu na ofisi ya saiti na gari la mhandisi. Tumelinunua sisi, na bado halituambii tumenunua nini.

Tangu kaunti za Kenya zianze 2013, uwazi umefanywa kuwa mikutano. Februari tunaitwa kuhusu mkakati wa fedha. Mwezi wa nne na wa tano tunaitwa kuhusu makadirio, ambayo sheria inataka yafike bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Tangazo linatoka Jumanne, mkutano ni Ijumaa, na kitabu cha bajeti ni mamia ya kurasa zilizoskaniwa ambamo huwezi hata kutafuta jina la wadi yako. Watu wanaomba kisima, wanaomba zahanati, wanatia sahihi ya mahudhurio na kwenda nyumbani. Sahihi hizo ndizo zinazoambatishwa kuthibitisha kwamba umma ulishirikishwa. Kuhusu kilicholipwa, nani alilipwa na kwa kazi gani, hakuna anayetuita.

Na hapo ndipo pesa zinapopotelea. Bajeti inasema "barabara katika wadi mbalimbali" na kutaja jumla. Ripoti ya robo mwaka, ambayo Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka iwasilishwe na kuchapishwa ndani ya mwezi mmoja baada ya robo kuisha, hupanga matumizi kwa idara: mishahara kiasi hiki, maendeleo kiasi hiki. Barabara yako imemezwa ndani ya jumla hiyo. Bajeti ya nyongeza ikipita, mradi unaweza kubadilishwa jina au kugawanywa mara mbili, na mwaka unaofuata ukarudi kana kwamba ni mpya.

Kumbukeni wilbaro zilizonunuliwa na serikali ya kaunti ya Bungoma mwaka 2015. Zilikuwa 10, kila moja Sh109,320. Nchi nzima ilishtuka kwa sababu bei ya wilbaro moja ilionekana. Lau karatasi ingesema tu "vifaa, Sh1,093,200", nani angeinua kichwa? Bei ya kitu kimoja pamoja na idadi yake: hizo ndizo taarifa ambazo raia wa kawaida anaweza kuzikagua bila kuwa mhasibu, na ndizo hazichapishwi.

Chukua barabara ya changarawe ya kilomita 2, upana mita 5, na BQ inayosema unene wa milimita 150 baada ya kushindiliwa. Hiyo ni mita za ujazo 1,500. Changarawe ikiwa bado haijashindiliwa huchukua nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo ongeza karibu asilimia 30: 1,950. Kwa tipa linalobeba mita za ujazo 10, ni safari 195. Kijana wa bodaboda anayeshinda kwenye steji hapo kando anaweza kuzihesabu. Kazi ikiisha, chimbeni shimo dogo hadi udongo wa asili uonekane, katikati na pembeni, kila baada ya mita 200 hivi, mpime kwa rula, kisha mfukie na kushindilia. Mkipata sentimita 10 kila mahali, theluthi nzima ya changarawe haikuletwa: zile safari 195 zilikuwa 130. Kalavati, yale mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, ni rahisi zaidi kukagua, maana hulipwa kwa mita. Mistari 10 ya mita 8 ni mita 80. Mkihesabu mistari 7, mita 24 zimelipiwa hewa. Pimeni mapema, kabla mvua haijaanza kuzoa changarawe, la sivyo kila pengo litasingiziwa mafuriko.

Lakini rula bila BQ haisaidii, maana hujui kilichoahidiwa. Ndiyo maana nasema tuidai BQ kwa maandishi, na tuidai vizuri. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, na hulazimiki kueleza sababu. Barua iende kwa katibu wa kaunti, nakala kwa afisa mkuu wa idara husika. Kosa kubwa ni kuandika "nataka kujua pesa za barabara yetu zilikwenda wapi". Swali kama hilo litajibiwa kwa aya mbili za maneno matupu. Omba karatasi kwa majina yake: mkataba, BQ yenye bei, hati za malipo zote pamoja na karatasi za vipimo, ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokeaji, idhini ya mabadiliko yoyote ya kandarasi, na cheti cha kukamilika. Taja nambari ya zabuni kama unayo. Nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe, kwa sababu siku 21 zinahesabiwa tangu barua ilipopokelewa. Bila muhuri, watasema hawakuiona.

Wanaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu. Wakinyamaza, sheria inahesabu kwamba wamekataa, nawe una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, yaani Ombudsman. Wakikutoza, iwe gharama halisi ya kutoa nakala na kukufikishia, si zaidi. Wakisema ni siri ya biashara ya mwanakandarasi, waambie kwamba sheria hiyohiyo inaruhusu siri kufichuliwa pale maslahi ya umma yanapozidi madhara.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba Hazina Kuu huchelewesha mgao na kaunti hubaki na madeni ya wakandarasi kwa sababu hiyo. Hilo halizuii mtu kuchapisha BQ. Makueni ilifungua tovuti ya kandarasi zake na kuzipa kamati za wananchi nafasi ya kusimamia miradi, na haikusubiri Nairobi itume pesa zote ndipo ifanye hivyo.

Msiniambie tumsubiri Mkaguzi Mkuu. Ofisi ya Nancy Gathungu inafanya kazi yake, lakini Katiba inampa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kufungwa Juni 30, kisha ripoti inakwenda kwa kamati ya Seneti. Barabara iliyomalizika Septemba itafikiwa na ukaguzi baada ya zaidi ya mwaka, changarawe imeshazolewa na mwanakandarasi ameshalipwa.

Kwa hiyo bango linalofuata liandikwe nambari ya zabuni, jina la kampuni, kiasi cha kandarasi, urefu wa barabara na unene wa changarawe, mita za kalavati, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Na BQ yenye bei ibandikwe kwenye ofisi ya msimamizi wa wadi siku mwanakandarasi anapoingia saiti, kabla tipa la kwanza halijamwaga mzigo.