Alama ya Kufanana Si Ushahidi: Mashine Zinazolinganisha Picha na Maelezo Yake

Vyumba vya habari vya Nairobi, sawa na wafanyabiashara wanaouza bidhaa mtandaoni, hupokea picha nyingi kuliko zile ambazo macho ya wahariri yanaweza kuzikagua, na nyingi huja na maelezo yaliyoandikwa na mtu ambaye huenda hakuwapo zilipopigwa. Ndiyo sababu wazo la kuikabidhi mitandao ya neva, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na mifano mingi, kazi ya kuhakiki kama picha inalingana na maelezo yake linavutia. Naliunga mkono kwa sehemu. Shaka yangu ni kwamba watetezi wake mara nyingi huitaka mashine ijibu swali ambalo haikuundwa kulijibu.

Mfumo uliofungua njia hii ni CLIP, uliotolewa na kampuni ya OpenAI Januari 2021 baada ya kufunzwa kwa jozi milioni 400 za picha na maandishi yaliyotoka kwenye intaneti. Ndani yake mna mitandao miwili, mmoja wa picha na mwingine wa maandishi, na kila mmoja hugeuza unachopewa kuwa vekta, yaani safu ndefu ya namba. Katika mafunzo, vekta ya picha na ya maelezo yake husogezwa pamoja, huku maelezo ya picha nyingine yakisukumwa mbali. Baada ya hapo mtumiaji hupima ukaribu wa vekta hizo mbili, akapata alama moja, na jozi ikivuka kizingiti alichokiweka huhesabiwa kuwa inalingana.

Faida yake kubwa ni wingi wa kazi. Walioandaa LAION-5B mwaka 2022, hazina ya wazi ya picha na maelezo ya kufunzia mashine, waliitumia CLIP kuchuja, wakazitupa jozi za Kiingereza zenye alama chini ya 0.28, na bado wakabaki na jozi takriban bilioni 5.85 za lugha mbalimbali, kazi ambayo hakuna kundi la watu lingeimaliza. Kwa kiwango chetu, muuzaji aliyeweka picha ya viatu kwenye tangazo la sufuria atagunduliwa papo hapo, na maktaba ya gazeti inaweza kupekuliwa bila kumchosha mtu. Hata hivyo, hazina hiyohiyo iliondolewa hadharani Desemba 2023, baada ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford kukuta ndani yake picha za unyanyasaji wa watoto kingono. Kipimo cha kulingana kwa picha na maandishi hakikuwa na namna ya kuzizuia, kwa kuwa picha haramu inaweza kulingana barabara na maelezo yake.

Udhaifu unaonitia wasiwasi zaidi uko kwenye mahusiano ya vitu. Chukua maelezo mawili: polisi wanawakimbiza waandamanaji, na waandamanaji wanawakimbiza polisi. Maneno ni yaleyale, waliomo pichani ni walewale, ila habari moja ni kinyume cha nyingine, na katika jiji lililoshuhudia maandamano ya Juni 2024 tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe. Jaribio la Winoground la mwaka 2022 lilitumia jozi za namna hii, zenye maneno yaleyale kwa mpangilio tofauti, na mifumo iliyopimwa, CLIP ikiwemo, haikufanya vizuri sana kuliko kubahatisha. Inatambua waliomo, lakini haitambui nani amemtenda nani.

Maandishi yaliyomo ndani ya picha nayo huipotosha CLIP. Watafiti wa OpenAI wenyewe walionyesha kwamba tufaha lililobandikwa karatasi yenye neno iPod lilitambuliwa kuwa iPod. Kwa anayeishi kati ya matatu zilizochorwa nyuso za wachezaji na kuandikwa majina kila upande, si vigumu kukisia tatizo hilo litajitokeza wapi.

Kisha kuna lugha. CLIP ilijifunza hasa kwa Kiingereza. Seti ya majaribio ya MaRVL ya mwaka 2021 ilikusanya picha na maelezo kutoka kwa wazungumzaji wa lugha tano, Kiswahili kikiwemo, na mifumo iliyopimwa ilishuka sana ikilinganishwa na ilivyofanya kwa Kiingereza. Kutafsiri maelezo kwanza husaidia, lakini tafsiri haiwezi kuufundisha mtandao sura ya kiondo au mkokoteni ikiwa haukuviona vya kutosha.

Watetezi watajibu, kwa haki, kwamba mhariri aliyechoka saa nne usiku naye hukosea, na kwamba mifumo mipya inayoyagawa maelezo kuwa maswali madogo na kuyajibu moja baada ya jingine huyashughulikia mahusiano vizuri zaidi. Nakubali. Lakini picha ya mafuriko ya miaka iliyopita, ikisambazwa kana kwamba ni ya mtaa wa Mathare, Nairobi, ya Aprili 2024, inaonyesha mafuriko kwelikweli, na mtandao utaipa alama ya juu bila kosa lolote la kihesabu. Tarehe, mahali na mpigaji hutafutwa kwa kuifuatilia picha ilikotoka na kwa kumpigia simu aliyeituma.

Kwa hiyo ningeitumia alama upande mmoja tu. Ikiwa ya chini, picha iende kwa mtu aiangalie. Ikiwa ya juu, isihesabiwe kuwa imethibitishwa, na mhariri asionyeshwe alama hiyo kabla hajafanya uchunguzi wake, maana namba kubwa humlegeza mtu. Kizingiti nacho kisiazimwe kutoka LAION. Kipimwe kwa picha za maktaba yetu zenye maelezo yaliyokwisha kuhakikiwa, kwa Kiswahili na kwa Sheng, zikichanganywa na jozi zilizoharibiwa kwa makusudi, pamoja na zile ambazo polisi na waandamanaji wamebadilishana nafasi.