Kati ya nyota zote hizo, huenda tuko peke yetu

"Mjomba, nyota zaidi ya bilioni mia kwenye galaksi yetu, halafu useme tuko peke yetu? Si majivuno hayo?" Mpwa wangu aliniuliza hivyo usiku mmoja umeme umekatika Entebbe, anga limejaa nyota hadi ukingoni mwa ziwa.

Swali lake lina uzito. Tangu 1995, ilipogunduliwa sayari ya kwanza inayozunguka nyota iliyo kama Jua, zimethibitishwa sayari nyingine zaidi ya 5,500. Mahali pa kuishi hapakosekani.

Lakini mwanaastronomia Frank Drake, alipoandika mwaka 1961 mlinganyo wake wa kukadiria idadi ya jamii zenye akili tunazoweza kuwasiliana nazo katika galaksi yetu, alizidisha vigezo saba, hakuvijumlisha. Kigezo kimoja kikikaribia sifuri, humeza mabilioni yote. Na kuhusu uhai na akili tuna mfano mmoja tu, dunia hii.

Mfano huo haunipi usingizi. Bakteria walikuwapo miaka bilioni 3.5 iliyopita. Ikapita zaidi ya miaka bilioni moja, bahari zimejaa viumbe wasiohesabika wakigawanyika usiku na mchana, ndipo zikatokea seli zenye kiini, zile zinazojenga mti, samaki na mtu. Seli zote za aina hiyo zilizopo leo zina asili moja. Majaribio yote yale, na ukoo mmoja tu uliosalia! Huku Jua linazidi kung'aa, na baada ya miaka kama bilioni moja dunia itakuwa na joto lisilobakiza bahari. Tumefika saa za jioni.

Wenye matumaini hunionyesha nkejje, wale samaki wadogo aina ya furu wanaokaushwa wakiwa wametungwa vijitini. Ziwa Victoria lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita. Lilipojaa tena, zikachipuka spishi takribani 500, huyu na taya pana la kuvunja konokono, yule na meno ya kukwangua mwani maweni. Uhai una kasi, wanasema. Ni kweli, nami nawastaajabia samaki hao. Ila walianza mbio wakiwa tayari na seli zenye kiini, macho na uti wa mgongo. Mlango mgumu walishavushwa na mababu zao zamani sana.

Kwa hiyo nilimwambia kijana: bakteria wakipatikana Mirihi sitashangaa hata kidogo. Wa kuitikia redio zetu, katika galaksi hii, simtarajii.