Ukiingia taqueria, tazama tortila kabla ya nyama

Katika Mexico City, macho ya mgeni hukimbilia mshikaki mkubwa wa al pastor, nyama ya nguruwe, unaozunguka karibu na mlango. Nyama ina heshima yake, lakini kwa maoni yangu taqueria ya mtaani, yaani mkahawa wa taco, ipimwe kwanza kwa tortila, ile chapati nyembamba ya mahindi.

Tortila nzuri huanza jana yake. Mahindi makavu huchemshwa na chokaa, kama gramu 10 kwa kilo, kisha huachwa yalale kwenye maji hayohayo usiku kucha. Asubuhi huoshwa mpaka maganda yatoke, ndipo yasagwe yangali na unyevu. Chokaa hiyo, ndugu wa ile ya tambuu, huufanya unga ushikane na kuifungua vitamini B3 ambayo mwili usingeipata. Ndiyo maana sembe ya ugali haifai kabisa: ukiibonyeza iwe duara nyembamba, inapasuka kabla ya kufika kwenye bamba la moto.

Basi ukiletewa taco, yaani tortila iliyobeba nyama, ikunje. Ikichanika kwenye mkunjo, tortila imepoa au ni ya tangu jana, na mchuzi wote utamwagikia mkononi. Taqueria nyingi huweka tortila mbili ndogo pamoja: ya ndani ikilowa, ya nje inabeba.

Anayeijua shawarma hatashangazwa na al pastor. Wahamiaji wa Lebanoni ndio walioleta mshikaki wa kusimama. Wameksiko wakaufunga nyama ya nguruwe iliyolowekwa kwa achiote (mbegu nyekundu za kutia rangi), siki na pilipili kavu ya guajillo, wakaweka nanasi juu. Nenda jioni, moto ukiwa umeshika. Nyama ikatwe nyembamba, upande uliobabuka tu. Mpishi mwenye haraka hukata mbichi na kuimalizia kwenye bamba; hapo inatoa maji, inachemka badala ya kukaangika.

Kwa asiyekula nguruwe, suadero ni mtego. Ni nyama ya ng'ombe, kweli, lakini mara nyingi hupikwa kwenye mafuta ya karai moja na longaniza, soseji ya nguruwe. Agiza bistec, vipande vyembamba vya nyama ya ng'ombe, na hata hiyo uliza bamba limepakwa mafuta gani. Ningependa kila taqueria iliandike jambo hili ukutani, maana mgeni hawezi kulikisia.

Agiza taco mbili au tatu, ule, ndipo uongeze. Taco iliyokaa dakika kumi imeshalegea. Ukisema «con todo», yaani na kila kitu, utawekewa kitunguu na kotmiri. Salsa, mchuzi wa pilipili, usiihukumu kwa rangi, kwani ya kijani mara nyingi huwasha kuliko nyekundu: onja tone kwanza. Ndimu kamulia nyama, usiilowanishe tortila. Kisha inamia sahani na ugeuze kichwa chako, taco ibaki imelala ilivyo.