Hata Gari Langu Linachukia Jumatatu

Gari langu huongea Kijapani. Ukizungusha ufunguo, kabla injini haijakohoa, mama mmoja aliyejificha ndani ya dashibodi hutoa sauti nyororo na kutamka sentensi ndefu kama hotuba ya shangazi harusini. Miaka miwili nimeamini ananitakia safari njema, nami nikawa namjibu, "Asante, mama." Kisha kijana mmoja aliyesoma Japani akapanda gari hilo na kuangua kicheko. Kumbe yule mama analalamika kwamba sijaingiza kadi ya kulipia barabara za kasi za kwao. Mimi! Mimi ambaye Expressway ya hapa Nairobi, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, naitazama kutokea chini kama kuku anayetazama mwewe.

Basi Jumatatu moja ya Julai, ile Julai yetu ambayo hata bafu la maji moto unaliingia kwa maombi, nikatoka saa kumi na mbili kasorobo kuwasha gari. Nikazungusha ufunguo. Mama akasema neno moja, tena nusu, akanyamaza. Taa za dashibodi zikafifia kama mshumaa mbele ya dirisha bovu, na kutoka chini ya boneti nikasikia tka-tka-tka-tka-tka, kama bibi anayepukuchua mahindi makavu kwenye ungo. Nikazima. Nikaomba. Nikazungusha tena. Tka-tka-tka.

Nikafanya kosa la kufungua boneti.

Ploti yetu ya Umoja, maji yakikatika na keateka, mtunza ploti, akiitisha watu wabebe mitungi, humwoni mtu. Lakini boneti ikifunguka, wanaume hutoka hata kwenye nyumba ambazo nilijua hazina wapangaji. Dakika nne tu nilikuwa na baraza kamili, kila mmoja mkono mmoja mfukoni, mwingine umeshika mswaki. Baba Kevo akatazama injini kwa muda mrefu, akatema povu pembeni na kutoa hukumu: "Plagi." Jamaa wa bodaboda akasema ni petroli yenye maji. Keateka, ambaye tangu nimjue hajawahi kumiliki hata mkokoteni, akatikisa kichwa kwa huzuni: "Hayo ya siku hizi ni kompyuta." Mama wa mandazi akapaza sauti kutoka langoni, bila hata kuinua macho kwenye karai, "Hiyo ni betri, si mnasikia inavyolia?" Hakuna aliyemjibu. Alikuwa amesema maneno machache mno kuaminika.

Tukasukuma. Nasema "tukasukuma" kwa aibu kubwa, kwa sababu gari ni la otomatiki, na la otomatiki unaweza kulisukuma kutoka Umoja hadi Donholm na lisiwake. Gia zake haziwezi kushikana na injini mpaka pampu ya ndani izunguke na kusukuma mafuta, na anayeizungusha pampu hiyo ni injini yenyewe. Yaani injini inangoja magurudumu, magurudumu yanangoja injini, kama ofisi mbili za serikali. Lakini utawaambia nini wanaume sita waliokwisha kunja mikono ya mashati? "Weka D! Weka D!" Tulifika kwa mama wa mandazi, tukageuka, tukarudi. Mama akatuhesabu tulivyopita mara ya pili. Alicheka mpaka mandazi matatu yakaungua, na nikadaiwa mimi.

Ikabaki jampa, yaani kuazima nguvu ya betri ya gari lingine kwa waya. Na kwenye ploti nzima mwenye waya za jampa ni mmoja, jirani wa namba saba mwenye gari la Probox, ambaye hatusalimiani tangu Machi kwa ajili ya kivuli cha mwembe. Yaani nafasi ya kuegesha chini yake. Niliwahi kuweka jiwe pale. Yeye akalitoa. Mimi nikaweka kubwa zaidi.

Nikabisha. Akafungua akiwa na kikombe cha chai, akanitazama, akatazama gari kule nyuma yangu, akanywa. Halafu akanywa tena. Sijawahi kuona chai inanyweka polepole namna ile. "Jirani," nikasema, neno ambalo lilinikwama kooni kama mfupa wa tilapia, "naomba stimu kidogo."

Alinisaidia, nisiwe mchoyo wa sifa. Lakini alinisaidia kwa mahubiri. "Nyekundu inaanza kwa maiti," akasema, akiibana kwenye chanya ya betri yangu. Kisha nyekundu upande wa pili kwa chanya yake. Kisha nyeusi kwa hasi yake. Nilipotaka kuibana nyeusi ya mwisho kwenye hasi ya betri yangu akanipiga kofi la mkono kama mtoto anayechezea moto: "Hapana! Weka kwa chuma cha injini, mbali na betri. Betri hutoa gesi. Cheche moja tu na wewe ni habari za saa moja." Ni kweli kabisa, gesi yenyewe ni haidrojeni na huwaka. Ila aliirudia mara tatu, kila mara akigeukia hadhira. Tukangoja dakika tano gari lake likinguruma. Nikazungusha ufunguo, mama wa Kijapani akalalamika mwanzo hadi mwisho, na injini ikashika. Karibu nilie. Jiwe nililitoa jioni hiyohiyo.

Mchana nikapita Kirinyaga Road, kwenye duka la betri ambalo sitalitaja. Muuzaji hakupima chochote. Alipiga honi, akainamisha sikio kama daktari wa mifugo, akasema, "Hii imekufa kitambo." Shilingi 8,500, na ya zamani akabaki nayo. Wiki nzima gari likawaka kama ndoa changa. Nikawa naliwasha hata bila safari, mama aongee kidogo.

Jumatatu iliyofuata, saa kumi na mbili kasorobo: nusu neno, na mahindi yakaanza kupukuchuliwa.

Mke wangu akasema gari limeanza kuwa kama mimi, Jumanne hadi Ijumaa liko sawa, Jumatatu linaumwa. Alisema kwa mzaha. Fundi alipokuja hakucheka. Aliuliza, "Wikendi unalitumia?" Nikamwambia situmii, kwa bei hii ya petroli gari hulala Ijumaa jioni na kuamka Jumatatu. Akasema "aah," ile "aah" ndefu ya daktari, na bei ikapanda hapohapo.

Fundi huyu alikuwa na mita. Ukiona fundi anatoa mita kabla ya kutoa spana, mpe kiti. Akapima betri mpya: volti 11.3, nayo ikiwa imeshiba hukaa karibu na 12.6. Akaliwasha kwa jampa (jirani, chai, mahubiri, tuyaache), akapima tena injini ikiwa inanguruma: 14.1. "Oltaneta haina kosa, inachaji." Akazima. Akafungua kichwa cha hasi, akaipitisha mita katikati, na namba ikatua kwenye ampea 0.4. Gari lililolala, akanieleza, halifai kunywa hata 0.05. "Kuna mtu anakunywa humu ndani usiku," akasema, na mke wangu akanitazama mimi.

Akaanza kung'oa fyuzi moja baada ya nyingine, kila anapong'oa anaitazama mita kama mtu anayesubiri matokeo ya jackpot. Redio, bado. Honi, bado. Ya saba au ya nane hivi, ile ya taa za ndani, namba ikaanguka hadi karibu sifuri. Taa ya juu ya kichwa ilikuwa imezimwa. Fundi akazunguka nyuma, na hapo nieleze kwamba mimi huegesha kinyumenyume, buti likiangalia ukuta na kibanda cha askari, kwa hiyo sehemu hiyo ya gari huwa siioni. Hakushika hata kitasa. Aliweka kidole kimoja chini ya mlango wa buti, akainua, ukafunguka wenyewe. Ndani, kitaa kidogo kama kidole cha mtoto, kinawaka saa tano za mchana. Na kwenye kufuli, imebanwa vizuri, kamba ya katani.

"Gunia la viazi ulibeba lini?"

Viazi vilitoka Nyandarua wiki tatu zilizopita. Tulikuwa tumeshavila, tukavichoka.

Akanipigia hesabu kwenye vumbi la kioo cha gari. Ijumaa jioni hadi Jumatatu alfajiri ni saa 60. Mara ampea 0.4 ni ampea-saa 24. Betri ndogo kama yangu ina 35. Siku za kazi unaendesha, inajazwa, huoni kitu. Wikendi inanyonywa polepole mpaka Jumatatu haina nguvu za kuzungusha stata, ile mota ya kuamsha injini. Ile betri ya zamani niliyoiacha mjini huenda ilikuwa haina kosa lolote.

"Lakini dashibodi si ilikuwa inakuonyesha mlango uko wazi?"

Nikasogea taratibu nizibe dirisha kwa mwili. Hakuhangaika. Alizunguka upande wa pili, akainama ndani, akakwangua kwa ukucha ile plasta ya kidonda niliyokuwa nimeibandika juu ya taa nyekundu yenye picha ya gari lenye mlango wazi. Ilikuwa inanisumbua macho usiku.

Shilingi 1,500. Kufunga buti.

Jioni nikamsimulia askari wetu wa usiku, nikitafuta angalau mtu mmoja wa kunihurumia. Akasikiliza mpaka mwisho, fimbo kwapani.

"Ile taa ya nyuma? Mbona mimi naiona kila usiku, mkubwa. Nilijua umeiweka ya kutisha wezi." Akakuna kidevu, akalitazama buti lililofungwa, giza tupu. Kisha akatoa gazeti lililokunjwa ndani ya koti. "Sasa hii nitasomea wapi?"