Kingamwili nyingi si kupona: kipimo cha ugonjwa wa Johne kina faida gani?

Mfugaji wa Kisauni au Likoni, hapa Mombasa, anayefugia bandani kwa kukosa malisho, mara nyingi hununua mtamba wa gredi kutoka bara. Je, adai kwanza cheti cha kipimo cha damu cha ugonjwa wa Johne, maradhi ya utumbo wa ng'ombe, au ni pesa za bure? Kipimo hicho hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na mdudu.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa Ujerumani mwaka 1895 na watafiti Johne na Frothingham. Bakteria wake ni wa ukoo mmoja na yule wa kifua kikuu. Ndama humpata akiwa mchanga, aghalabu kwa kunyonya chuchu iliyoshika kinyesi, au kwenye dang'a ya mama mgonjwa. Dalili huja baada ya miaka miwili, mitano, hata zaidi.

Kinachotatiza ni jinsi mwili unavyojibu. Bakteria akishapenya ukuta wa utumbo mdogo humezwa na makrofaji, seli ambazo kazi yake ni kula wadudu. Huyu hasagiki, anaishi humo humo. Ndipo seli T, askari wengine wa kinga, zinapotoa protini iitwayo interferoni-gama kuzichochea makrofaji zimmalize, na ng'ombe anaweza kumdhibiti hivyo kwa miaka. Kingamwili hupanda kwenye damu baadaye, kwa kawaida kinga ya seli ikiwa imeanza kulegea na kinyesi kimeanza kubeba bakteria wengi. Nazo hazina la kumfanya mdudu aliyejificha ndani ya seli. Tena seli za kinga zinazozidi kurundikana hapo ndizo zinazounenepesha utumbo hadi ukashindwa kufyonza chakula. Unamwona ng'ombe anakula vizuri, homa hana, lakini anaharisha na kukonda, na mwishowe anavimba chini ya taya kwa sababu protini zinavuja.

Wanaokitetea kipimo cha kingamwili wana hoja nzito. Ni cha haraka, wakati kuotesha bakteria kutoka kwenye kinyesi huchukua wiki nyingi. Ng'ombe kinayemnasa mara nyingi ndiye anayemwaga bakteria kwa wingi, na kumwondoa ni kuwaokoa ndama wengi.

Lakini mtamba wa mwaka mmoja na nusu aliyeambukizwa utotoni atapita kipimo hicho bila shida, na mnunuzi atarudi Mombasa na cheti safi na mgonjwa. Kipimo cha interferoni huweza kumgundua mapema zaidi, ila kinataka damu ambayo seli zake bado zi hai, ifike maabara upesi (na joto letu hili!), na bakteria wengine wa ukoo huo hukichanganya. Chanjo nayo hupunguza dalili na umwagaji wa bakteria, haizuii maambukizi, na huvuruga kipimo cha ngozi cha kifua kikuu cha ng'ombe.

Kwangu mimi kipimo si kibaya. Kasoro ni kwamba anapimwa ng'ombe asiye sahihi. Pesa hizo zilipie damu ya mama wa mtamba na ng'ombe wakubwa wa zizi anakotoka, maana ugonjwa ukiwepo, kwao ndiko utakakoonekana. Nyumbani, ng'ombe azalie mahali pasafi, na ndama atengwe mapema na kinyesi cha wakubwa. Banda la mjini ni finyu, najua, lakini dawa ya kuuponya ugonjwa huu haipo. Muuzaji akikataa ng'ombe wake wakubwa wapimwe, mimi ningerudi na pesa zangu.