Avalon si jina la kubandika popote

Nimeonyeshwa ramani nyingine ya historia mbadala, zile za kuwazia ingekuwaje kama Waayalandi wangefika Amerika kabla ya Columbus. Mito imechorwa kwa ustadi, mipaka inaeleweka. Halafu unasoma majina: jimbo hili Tír na nÓg, lile Avalon, kule kusini Hy-Brasil, yote majina ya nchi za hadithi za Wakelti. Nimekasirika kweli. Wakelti, yaani watu wa kale wa Ayalandi, Wales na kwingineko, hawakuwa watu wa kijiji kimoja! Avalon, kisiwa cha hadithi za mfalme Arthur, ni ya upande wa Wales, ikaenezwa na mwandishi Geoffrey wa Monmouth kwenye miaka ya 1130. Mtawa wa Ayalandi wa karne ya sita kama Brendan, anayesimuliwa kusafiri baharini kuelekea magharibi, angeisikia wapi?

Na Avalon ya kweli ipo. George Calvert, mwanasiasa wa Uingereza, alianzisha makazi Ferryland, kisiwani Newfoundland, mwaka 1621, na 1623 mfalme James wa Kwanza akampa hati ya Jimbo la Avalon. Calvert hakuwa akimuwaza Arthur na upanga wake. Aliiwaza Glastonbury, mji wa Uingereza uliodhaniwa kuwa ndiyo Avalon ya kale, ambako Waingereza waliamini Ukristo wao ulianzia, akatamani imani ianze vivyo hivyo ng'ambo ya bahari. Jina lile lina mtu, dini yake na hati ya mfalme, na baridi iliyomfukuza mwaka 1629. Yeye aliondoka, jina likabaki: Rasi ya Avalon iko Kanada mpaka leo. Mchoraji wetu angejiuliza swali moja tu, nani anataja jina na anataka nini, ramani yake ingepata uhai.

Tír na nÓg ndiyo inaniuma zaidi. Oisín, shujaa wa hadithi za Ayalandi, alidhani amekaa huko miaka mitatu, kumbe ni 300. Aliporudi Ayalandi na kugusa ardhi, uzee ukamshukia papo hapo. Ni nchi isiyo na kifo. Mlowezi aliyezika watoto wake wawili msimu wa kwanza wa baridi ataiitaje hivyo ardhi ile ile aliyoichimba kaburi?

Hy-Brasil, haya, nakubali kidogo. Ni kisiwa cha kufikirika ambacho wachora ramani walikichora magharibi ya Ayalandi tangu 1325, na meli za Bristol, bandari ya Uingereza, zilitoka kukitafuta mwaka 1480 na tena 1481. Nahodha wao akiona pwani ngeni angeapa kuwa amefika. Ila hapo waliotangulia ni wafanyabiashara wa Bristol. Ukitaka watawa wa Brendan watangulie, jina lao limo tayari katika simulizi ya safari yake: Nchi ya Ahadi ya Watakatifu. Liandikeni hilo.